Kafi la bawa au kafi la mbao? Soma kabla hujavuka Ruaha



Leo kantangaze na bei ya nyanya za Ilula vinakaa pembeni kidogo. Nina swali lililoletwa na kijana mmoja wa huku bondeni, upande wa Ruaha Mbuyuni, na nimeona nisimjibu peke yake, maana wanaovuka mto kwenda mashambani ni wengi na kila mmoja ana kafi mkononi. Wengine wana kipande cha ubao tu wanachokiita kafi.

Kijana huyu analima vitunguu ng'ambo ya mto. Anavuka na mtumbwi wake mwenyewe: asubuhi anapeleka mbolea na vibarua, jioni anarudi na mzigo. Alikwenda Dar es Salaam kuuza vitunguu, na kwenye mitumba akakuta kafi refu jeusi lenye bapa pande zote mbili, jepesi kama ungo, bapa zake zimejikunja kama kijiko. Akalipa shilingi 60,000, akarudi nalo juu ya lori. Akanipigia simu: "Bwana shamba, nimepata kafi la Ulaya. Hili linakimbia. Unaonaje, nilitumie kuvushia watu?"

Nikamwambia asivushe mtu yeyote mpaka nifike.

Wengi mnanijua kwa mambo ya mbegu na viuatilifu, lakini mimi nimezaliwa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na kafi nilishika kabla ya jembe. Pale Matema wanaoishi kwenye kona ya ziwa chini ya milima ya Livingstone wanajua habari za akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanaofinyanga vyungu na kuvileta kwa mitumbwi sokoni Lyulilo. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wapiga kafi waliobeba vyungu hivyo. Mtumbwi wa Nyasa si kama huu wa Ruaha. Mdomo wake ni mwembamba, miguu inaingia ndani lakini mtu anakaa juu kabisa, na kwa hiyo kafi lake ni refu kuliko la mtu anayekaa chini ndani ya mtumbwi. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Siku moja upepo wa mwera ulitukuta njiani. Mwera unatoka kusini, unapanda ziwa lote bila kizuizi, na mawimbi yake si ya mzaha. Kafi la mjomba lilikatika katikati ya mpini, penye kifundo cha tawi. Lilikuwa kafi zuri kwa macho, limepigwa randa vizuri, lakini kifundo kile kilikuwa pale siku zote. Tulibaki na kafi moja la mwenzake wa mbele, na mtumbwi ukaanza kugeuka ubavu kwa mawimbi. Mama mwenye mzigo ndiye aliyeanza mwenyewe kutupa vyungu majini, kimoja kimoja, bila kusema neno, mpaka mtumbwi ukainuka. Tulifika ufukweni na vyungu vinane. Kazi ya mwezi mzima ya mama yule ilibaki chini ya ziwa. Tangu siku ile mjomba hakupanda mtumbwi bila kafi la akiba, na kila kafi jipya alilitazama kwanza mpini, kisha ndiyo bapa. Watu wengi hufanya kinyume.

Sasa turudi kwa kafi jeusi. Kwa Kiswahili nimeliita kafi la bawa, kwa sababu ukilikata bapa lake na kulitazama upande, umbo lake linafanana na bawa la ndege. Lilibuniwa Sweden miaka ya 1980 kwa ajili ya mashindano ya kayaki. Kayaki ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, mtu anakaa ndani akiwa ametazama mbele na miguu ameinyoosha, na asili yake ni kwa wawindaji wa Greenland na nchi nyingine za barafu. Leo ukitazama mbio za kayaki za maji yaliyotulia kwenye Olimpiki, utaona karibu makafi ya aina hii tu.

Kwa nini linakimbia? Kafi la kawaida linashika maji na wewe unavuta. Maji si ukuta, yanateleza, na kila ukivuta bapa linarudi nyuma kidogo. Nguvu hiyo imepotea. Kafi la bawa halivutwi moja kwa moja kurudi nyuma. Unalichomeka mbele karibu na miguu, ubavuni kabisa mwa chombo, kisha unageuza kiwiliwili na kafi linakwenda nje, likiachana na chombo kadiri linavyorudi. Likisafiri kwenda nje namna hiyo, maji yanapita juu ya mkunjo wake kama hewa inavyopita kwenye bawa la ndege, na linapata mshiko mkubwa bila kuteleza nyuma sana. Kwa hiyo nguvu ileile ya mwili inakupeleka mbali zaidi. Si uchawi.

Lakini tazameni masharti yake. Chombo kiwe chembamba, ili kafi liingie karibu na ubavu. Mtu awe amekaa chini, ametazama mbele, ana mahali pa kukanyagia miguu, kwa sababu nguvu inaanzia mguuni, inapita nyongani, inafika begani. Na safari iwe ya kwenda mbele tu. Mtumbwi wa kijana wetu ni mpana, yeye anakaa nyuma juu ya kigogo, na wakati mwingine anasimama. Mbele yake kuna magunia. Hata akitaka kulichomeka kafi karibu na miguu, magunia yamekwishakaa pale.

Nilipofika tulikwenda mtoni na mzee mmoja fundi wa mitumbwi, ambaye amechonga makafi tangu kabla sijahamia huku. Tukachagua sehemu iliyotulia, maji ya kifuani, mtumbwi mtupu. Kijana akapiga kafi lake. Kwenda mbele, kweli, alikwenda. Mzee mwenyewe alitikisa kichwa akasema, "Hili lina nguvu." Kisha nikamwomba ageuke ghafla kana kwamba ameona gogo, halafu arudi nyuma.

Hapo ndipo kafi la bawa lilipoonyesha tabia yake. Kafi la mbao lenye bapa sawa, ukiona mtumbwi unainama, unalilaza juu ya maji na kuliegemea. Linakushika kama mkono wa mwenzako. Bawa halina huruma hiyo. Ule mkunjo unalifanya likatize maji na kuzama upande ambao hukuutarajia, na wewe uliyeegemea unalifuata. Kijana aliegemea, kafi likapiga mbizi, mtumbwi ukalala, maji yakaingia nusu. Alicheka, sisi pia tulicheka, kwa sababu tulikuwa kwenye maji ya kifuani na mtumbwi ulikuwa mtupu.

Nikamuuliza: kungekuwa na mama yako mbele na gunia mbili za lumbesa? Hakucheka tena.

Kuhusu lumbesa nitasema jambo moja na kupita. Mmekwisha kuelezwa mara nyingi kwamba inawaibia kwenye mizani. Kwenye mtumbwi inafanya jambo baya zaidi, maana ule mzigo wa juu uliofungwa kwa kamba unapandisha uzito, na mtumbwi wenye uzito juu unapinduka kwa kitu kidogo. Kafi lolote, zuri namna gani, halitibu hilo.

Sasa, kuna mtu aliniambia basi makafi ya bawa ni mabaya. Hapana. Kuna vijana wanaopenda mchezo, na Mtera pana maji mapana, na ziwani Nyasa siku isiyo na mwera pako kama kioo. Mtu akipata kayaki yenyewe na akataka kafi la bawa, nampa ushauri kama ninavyompa mtu anayenunua pampu ya kumwagilia: anza na kazi, kisha mwili wako, kisha mfuko.

Kwanza urefu. Simama wima, simamisha kafi mbele yako, nyoosha mkono juu. Vidole vyako vikifika ncha ya juu na kuweza kuikunjia, upo karibu na kipimo. Kwa mtu mzima ni kati ya sentimita 205 na 220 hivi, wafupi chini, warefu juu. Mengi ya kisasa yana kiungo katikati, unaweza kuongeza au kupunguza sentimita kadhaa na kubadilisha pembe kati ya bapa mbili. Kama unanunua la mitumba, kiungo hicho ndicho cha kukagua kwanza. Likicheza mkononi dukani, majini litageuka.

Halafu ukubwa wa bapa, na hapa ndipo watu wanapoumia mabega. Mtu akiona bapa kubwa anafikiri ni nguvu nyingi. Ni kama jembe. Fundi akikufulia jembe pana mno, utalima matuta mawili kwa majivuno na la tatu utakaa chini ya mwembe. Bapa kubwa ni la mtu mwenye mwili mkubwa anayekimbia mbio fupi. Anayekwenda mbali, au anayeanza kujifunza, au mwenye bega linalouma, achukue dogo na apige mara nyingi zaidi. Wale wawindaji wa Greenland walitumia makafi membamba sana, karibu kama fito iliyobapwa, na walikwenda baharini siku nzima. Wao walipima kwa mwili: pima moja, yaani mikono yote miwili iliyonyooshwa, kisha ukaongeza dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Bibi zetu walipima khanga na kaniki kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo hapo hatuna cha kujifunza kutoka mbali.

Mpini wa kafi la bawa mara nyingi ni wa nyuzi za kaboni. Ukiwa mgumu kabisa unapeleka nguvu yote majini, lakini mshtuko wote nao unarudi kwenye kiwiko. Ulio laini kidogo, wenye nyuzi za kioo ndani yake, ni rafiki kwa anayeanza. Na kaboni haipendi kugongwa. Ikipata ufa mdogo kama unywele, siku moja inakatika yote bila kukuonya, tofauti na mti ambao hulia kwanza. La mitumba lipitishie ukucha taratibu toka mwanzo hadi mwisho, na uliangalie juani.

Jambo moja zaidi: bapa la kulia si la kushoto. Ukilishika kafi la bawa kinyume, mkunjo ukitazama mbele badala ya kukutazama wewe, halifanyi kazi ipasavyo. Kijana wetu siku mbili za kwanza alikuwa amelishika kinyume na bado alisema linakimbia.

Hayo yanatosha kwa kafi la bawa. Wengi wenu mnahitaji kafi la mbao, na hapo nina mengi ya kusema.

Mti. Mzee fundi anapenda mninga, na ana sababu: si mzito kupita kiasi, haujipindi ukilowa na kukauka, na wadudu hawauharakii. Lakini mninga wa msituni una kibali chake cha TFS, msije mkasema bwana shamba alituambia tukate. Nunueni kipande kwa muuza mbao mwenye karatasi. Kafi moja halihitaji ubao mkubwa. Watu wa juu, Dabaga na Kilolo mjini, mna misindano mingi. Msindano ni mwepesi na nyuzi zake zimenyooka, unachongeka vizuri, lakini una vifundo na unaoza haraka ukiachwa kwenye unyevu. Ukipata ubao wa msindano usio na kifundo hata kimoja urefu wote wa kafi, utakupa kafi jepesi la miaka michache. Mlingoti una nguvu, lakini ni mzito na unapasuka ukikauka. Makafi ya mlingoti niliyoyaona huku karibu yote yana ufa kwenye bapa. Mgrivea wa kwenye kahawa ni wa katikati. Na mpingo, kwa anayetaka kujionyesha, unazama majini kama jiwe. Kafi linalozama si kafi.

Tazama nyuzi za mti. Zianzie kwenye kishikio na ziende mpaka ncha ya bapa bila kukatiza ubavuni. Zikikatiza mpini kwa mshazari, ndipo litakapokatika. Kifundo kwenye bapa kinavumilika kikiwa kidogo, kifundo kwenye mpini hakivumiliki. Nimekwisha kuwaeleza kwa nini.

Kisha lishike kama bunduki, jicho moja limefumbwa, utazame kama limejipinda. Ligonge kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Mti mzima unaitika sauti moja, penye ufa panaitika kama debe. Weka ncha ya bapa kwenye nyasi, shika kishikio, kisha kwa mkono wa pili sukuma katikati ya mpini taratibu. Liiname kidogo na lirudi. Lisiloinama kabisa litakuchosha, linaloinama na kulia liache hapohapo dukani.

Urefu wa kafi la mbao unategemea unavyokaa, na hapa ndipo mnakosea zaidi kwa sababu mnaazimana. Anayekaa chini ndani ya mtumbwi akae juu ya ndoo au benchi, mgongo wima, ageuze kafi juu chini, kishikio kikanyage benchi katikati ya mapaja. Pale mpini unapokutana na bapa pafike kati ya kidevu na pua. Likifika machoni ni refu, litakuinulia bega kila pigo. Likiishia kifuani ni fupi, utainama, na mtu anayeinama nje ya mtumbwi ndiye anayeupindua. Kama mtumbwi wako una kingo za juu, ongeza upana wa vidole vinne. Anayesimama nyuma anahitaji kafi la kumzidi kimo kwa shibiri moja hivi. Na yule wa Nyasa anayekaa juu ya mdomo wa mtumbwi yuko katikati ya hawa wawili. Baba wa kimo cha mita moja na robo tatu na mwanawe wa darasa la sita hawawezi kutumia kafi moja, kama wasivyoweza kuvaa buti moja.

Bapa liwe na upana wa sentimita 15 hadi 20, urefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Katikati pawe na mgongo unaotoka kwenye mpini na kufifia kuelekea ncha, na kingo ziwe nyembamba lakini zisiwe kali. Ncha ndiyo inayokula mawe, na kwa mto wa mawe kama Lukosi haichukui msimu mmoja kupasuka. Mafundi huifunga kipande cha bati na misumari midogo. Inafaa, ila kingo za bati zikunjwe vizuri, zimewakata watu vidole. Mpini uwe wa unene ambao kidole gumba na cha shahada vinakaribia kukutana ukiushika. Usipake rangi wala vanishi mahali pa mikono. Ni hapo malengelenge yanapozaliwa. Paka mafuta wanayotumia seremala kulainishia mbao, mara mbili tatu kwa mwaka.

Kuna kazi moja zaidi ya kafi la mbao ambayo kaboni haiwezi. Ruaha ina viboko, na waliozoea wanajua kwamba kiboko aliyeshtuliwa ndiye hatari. Ukikaribia kona au dimbwi lenye kina, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, taratibu, kila baada ya muda, ili ajue unakuja, ainuke na umwone alipo. Umwachie maji yenye kina, wewe upite karibu na ukingo. Kugonga mtumbwi kwa kafi la kaboni ni kulivunja. Mzee fundi alipoambiwa hilo, alilirudisha kafi jeusi kwa mwenyewe akasema hana haja ya kulishika tena.

Na maji yenyewe. Mto huu chini ya Mtera hauendi kwa mvua peke yake. Bwawa la Mtera linatunza maji ya kuendesha mitambo yake na ya Kidatu, na yakifunguliwa mto unaweza kupanda huku mbingu nyeupe. Ukiona alama yako ya jana kwenye jiwe imezama, usijiambie hakuna mvua. Siku kama hiyo kafi fupi halitoshi na kafi la bawa usiliguse. Chukua pondo kwa sehemu za kina kifupi, kafi la mbao kwa katikati, au lala huku ulipo. Vitunguu vitavumilia siku moja zaidi shambani.

Mtaniuliza kijana aliamua nini. Tulibishana sana. Hoja yake ilikuwa na uzito: kwa kafi la bawa akiwa peke yake anavuka haraka, na kwa mtu anayevuka mara sita kwa siku, haraka ni pesa. Mimi nilimwambia hesabu hiyo haijaweka bei ya mama yake. Alikasirika, akasema nazungumza kama mtu wa mshahara. Inawezekana. Lakini wiki iliyofuata alikwenda kwa mzee akaagiza makafi mawili ya mninga, moja la kwake na moja la akiba, kwa bei ambayo yote mawili kwa pamoja hayakufika nusu ya lile la Dar. Kafi jeusi hakuliuza. Jioni kazi ikiisha anakwenda nalo peke yake kwenye maji yaliyotulia, amevaa jaketi okozi, na vijana wanakaa ukingoni kumtazama. Bado anasema mimi ni mwoga. Nimeona ameanza kukaa chini kabisa ndani ya mtumbwi na kukanyaga kigogo kwa miguu, kama wanavyofanya wenye kayaki, na anageuza kiwiliwili vizuri. Akipata chombo chembamba siku moja, sitashangaa akishinda mtu.

Jaketi okozi nimelitaja kwa makusudi. Hapa kwetu ukilivaa wanakucheka kwamba huwezi kuogelea. Mwogeleaji hodari akipigwa na gogo kichwani haogelei. Viongozi wa vijiji vyenye vivuko, zungumzeni na TASAC kuhusu mitumbwi inayobeba abiria kwa nauli, maana hiyo inahesabika kama chombo cha usafiri na ina masharti yake, hata kama ni mti mmoja uliochimbwa.

Yaliyobaki ni ya kila siku. Kafi lifungwe kwa kamba nyembamba kwenye mtumbwi, likikuponyoka lisiende zake Kidatu. Kamba iwe fupi isikuzunguke mguu. La akiba lilale mahali unapofikia kwa mkono ukiwa umekaa, lisiwe chini ya magunia. Kopo la kuchotea maji nalo lifungwe. Ukirudi nyumbani usiliegemeze kafi ukutani likasimama kwa bapa, ncha itanyonya unyevu na kupasuka. Lilaze juu ya misumari miwili kivulini, mbali na jiko na mbali na mchwa. Wenye watoto, lisiwe fimbo ya kuchungia mbuzi.

Mwenye ubao wa mninga au wa msindano asiye na uhakika nao aulete siku ya mnada, nitakuwepo na mzee fundi atakuwepo, tutautazama nyuzi bila malipo. Wiki ijayo tutarudi kwenye kitunguu: kwa nini shingo zinaoza ghalani hata kama mlivikausha.